Mjadala: Hana kesi mahakamani, basi apewe kiti?

Assalaam alaykum ndugu zangu, na wasiokuwa Waislamu nawaamkia pia.

Mada hii naileta kwa sababu nimechoka kuisikia ikizungushwa barazani bila kufika popote. Kila akitajwa kiongozi aliyeguswa na kashfa ya fedha, awe wa Unguja, wa Pemba au wa Bara, hakosekani mtu wa kuyafunga mazungumzo: "Kashtakiwa? Kahukumiwa? Basi mwacheni mtu na heshima yake." Na kweli watu hunyamaza, kahawa ikapita, likaanza la mpira.

Swali langu ni hili: mtu kutokuwa na hukumu ya mahakama, je, kunatosha kumpa dhamana ya umma? Na akiwa mtu huyo ni mwanasheria, tumpime kwa kipimo kile kile cha mwalimu au mfanyabiashara, au kwake tuwe wakali zaidi?

Nasema mapema nilipo: hakutoshi, na kwa mwanasheria ndiyo hakutoshi kabisa. Sasa nieleze, kisha mnishushie mawe.

Namchukua Andrew Chenge kuwa mfano. Simchukui kwa kuwa kawapita wote kwa ubaya, la. Namchukua kwa sababu maisha yake ya kisiasa yamepita karibu kila kona ya swali hili, na kwa sababu kalamu yake ilitufikia na sisi visiwani, jambo ambalo wengi wamelisahau.

Chenge ni mtu wa Bariadi. Kasoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha Harvard huko Marekani. Mwaka 1993 marehemu Mzee Mwinyi, Mungu amrehemu, alimteua kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Muungano, na Mkapa akaendelea naye mpaka 2005. Miaka 12 katika kiti kile si mchezo. Mwanasheria Mkuu ndiye mshauri wa serikali kwa mambo ya sheria, anaingia Baraza la Mawaziri, na kwa wadhifa wake ni mbunge. Kwetu ni hivyo hivyo: Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar anakaa Baraza la Wawakilishi kule Chukwani bila ya kupigiwa kura na mtu. Kwa maana hiyo ni mwanasheria na mwanasiasa kwa pamoja, na mikopo, mikataba na miswada hupita mezani kwake kwanza.

Katika miaka yake ndipo Tanzania iliponunua rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza, kwa pauni milioni 28, kwa mkopo wa benki ya Barclays. Benki ya Dunia ilisema ni ghali na haiendani na mahitaji ya nchi. Ndani ya serikali ya Uingereza yenyewe, Clare Short, aliyekuwa Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa, aliipinga hadharani. Ikanunuliwa. Baadaye yakafichuka ya dalali, Sailesh Vithlani, aliyelipwa kiasi cha dola milioni 12, karibu theluthi ya bei yenyewe. Desemba 2010 BAE walisimama mahakamani London wakakiri kosa la kutoweka kumbukumbu sahihi za hesabu zao. Nawaomba mlitazame kosa hilo vizuri: hawakukiri rushwa, walikiri uandishi mbovu wa daftari. Jaji naye hakuwa mtoto, alisema atakuwa mjinga kupita kiasi anayeamini kwamba Vithlani alikuwa mshawishi tu anayelipwa vizuri. Faini ilikuwa pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikarudishwa kwa ajili ya Watanzania. Ndiyo ile tuliyoizoea kuiita chenji ya rada, iliyokwenda kwenye vitabu na madawati.

Na Chenge? Mwaka 2008, akiwa Waziri wa Miundombinu, gazeti la Guardian la Uingereza liliandika kwamba wapelelezi wamekuta zaidi ya dola milioni 1 katika akaunti yake kisiwani Jersey. Waandishi wa Dar es Salaam walipomuuliza, akaziita vijisenti, na jina hilo limemganda mpaka leo. Akajiuzulu uwaziri Aprili mwaka huo. Kwa haki niseme: alikanusha tangu siku ya kwanza kwamba fedha zile zinahusiana na rada, na hakuwahi kushtakiwa kwa ajili yake, si Uingereza wala hapa.

Haya. Hana kesi. Mnaona?

Alibaki mbunge. Akawa mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti ya Bunge, yaani kamati inayokaa juu ya fedha zote za nchi. Ikaja 2014 na kashfa ya akaunti ya Tegeta Escrow, fedha zilizokuwa zimewekwa Benki Kuu kusubiri mgogoro wa shirika la umeme TANESCO na kampuni ya kufua umeme ya IPTL umalizike. Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto Kabwe ikazungumzia Sh bilioni 306 zilizotoka. Katika mgao uliotolewa na mfanyabiashara James Rugemalira, aliyekuwa mwenye hisa IPTL, jina la Chenge likasomwa mbele ya Bunge zima kuwa alipokea Sh bilioni 1.6. Waziri wa Ardhi, Anna Tibaijuka, alipokea kiasi hicho hicho, akasema ni mchango wa skuli, na akatolewa katika uwaziri. Mwanasheria Mkuu wa wakati ule, Frederick Werema, akajiuzulu. Chenge akaachia kamati. Waliopelekwa Kisutu mwanzoni mwa 2015 ni maofisa wa chini yao, waliopokea mafungu madogo zaidi. Rugemalira mwenyewe alikaa mahabusu tangu 2017 hadi mashtaka yalipofutwa 2021.

Uchaguzi wa 2015 watu wa Bariadi wakamrudisha Chenge. Januari 2016 akachaguliwa kuwa mmoja wa wenyeviti wa Bunge, wale wanaokalia kiti pale Spika na naibu wake wasipokuwepo. Juni 2017 kamati ya madini ya Profesa Osoro ikamtaja miongoni mwa wanaostahili kuchunguzwa kwa mikataba ya enzi zake za uanasheria mkuu, na Rais Magufuli akaagiza wachunguzwe. Bado kiti cha Bunge akawa anakikalia. Hakurudi bungeni mwaka 2020, wala hilo halikuletwa na hukumu ya mahakama yoyote.

Hapo nataka tusimame kidogo kwenye ile bilioni 1.6, kwa sababu hoja ya waliopokea ilikuwa kwamba ni fedha halali za mtu binafsi, na mtu na rafiki yake wana haki ya kupeana. Sisi tuliosoma chuo cha Kurani tunalijua jibu la hoja hiyo, na ni la zamani sana. Mtume (SAW) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akatenga mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume akapanda mimbari akauliza: kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake, akaona kama atapelekewa zawadi? Hadithi imo katika Bukhari. Haikuulizwa kama kuna mkataba. Haikuulizwa kama mtoaji kalalamika. Kilichoulizwa ni kama zawadi ile ingemfikia asingekuwa na cheo. Muulizeni leo kiongozi yeyote swali hilo moja, kisha muone anavyokohoa.

Sasa tuje kwetu, maana najua mmeshaanza kusema huyo ni wa Bara, kina sisi yanatuhusu nini.

Mwaka 2014 Bunge Maalumu la Katiba lilikaa Dodoma. UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walishatoka Aprili. Kulikuwa na Kamati ya Uandishi, iliyoandika upya Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba. Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa nani? Andrew Chenge. Akiwa hana kesi, bila shaka. Miaka sita baada ya Jersey, mtu yule yule akapewa kalamu ya katiba ya Muungano, pamoja na yale yaliyotuhusu sisi zaidi kuliko mtu mwengine yeyote: serikali ngapi, mambo ya Muungano yapi, Zanzibar ni nani ndani yake.

Rasimu ya Warioba ilikuwa na mambo mazito juu ya maadili ya viongozi. Ilizungumzia zawadi anazopewa kiongozi zinakwenda wapi. Ilizungumzia kiongozi kuwa na akaunti ya benki nje ya nchi. Rudieni nilichoandika juu, muone kamati iliyopewa kazi ya kuyapima mambo hayo ilikuwa chini ya mwenyekiti gani. Warioba mwenyewe baadaye alilalamika hadharani kwamba ya maadili yamenyofolewa. Simwambii mtu kwamba Chenge aliyakata kwa ajili ya nafsi yake, moyo wa mtu siujui. Nasema tu kwamba hakuna msikiti Unguja wala Pemba ambao ungempa mutawali aliyeshindwa kuzieleza hesabu za wakfu mmoja kazi ya kuandika kanuni za wakfu zote. Wala hatungengoja kadhi amhukumu kwanza. Tungemwambia, ami, kaa pembeni, wapo wengine.

Ndani ya kamati hiyo hiyo alikuwamo mwanasheria mwengine, kijana wa Pemba, Othman Masoud Othman, Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar. Yeye alijitoa katika Kamati ya Uandishi. Ulipofika wakati wa kura, akapiga kura ya wazi ya hapana kwa ibara kadhaa, zikiwamo zile alizoona zinaigusa hadhi ya Zanzibar. Siku chache baadaye, kabla wino haujakauka, Rais wa Zanzibar, Shein, akamwondoa. Theluthi mbili ya kura za upande wa Zanzibar ilipatikana kwa upenyo mwembamba, Katiba Inayopendekezwa ikakabidhiwa kwa marais wawili tarehe 8 Oktoba, na mwezi uliofuata mwenyekiti wa uandishi wake akawa anasomwa katika orodha ya Escrow.

Mimi nawaambia vijana wanaosoma sheria hapa kwetu na kwengineko, wayasome maisha ya watu hawa wawili kwa pamoja. Digrii moja, kazi moja, mwaka mmoja, kamati moja. Mmoja katajwa kwenye mabilioni na kiti kakalia miaka mingine kadhaa. Mwengine hakutajwa kwa senti moja, akapoteza kazi ndani ya wiki. Najua litakalofuata: "aa, huyu anampigia debe mtu wa chama cha ACT." Othman Masoud alikuja kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais 2021 baada ya kufariki Maalim Seif, kwa hiyo mtu akitaka kuona siasa ataiona. Lakini mwaka 2014 alikuwa mteule wa Rais wa CCM, anakula mshahara wa serikali yake. Ninachokitazama ni siku ile ya kura tu. Yaliyofuata yapimeni wenyewe.

Nitoe na kisa kidogo, maana mambo ya mabilioni yanamfanya mtu aone kama haya ni ya wakubwa peke yao.

Shangazi yangu alikuwa na shamba la minazi alilorithi, na jirani akaanza kulimega. Akaenda kwa wakili mmoja ambaye pia ni mtu wa siasa, anajulikana, anakaa safu ya mbele kwenye kila hitma. Nilikuwepo. Shangazi alifungua pindo la kanga, noti zimekunjwa ndogo ndogo kama hirizi, akazihesabu mbele ya meza moja baada ya moja. Yule bwana akazipokea, "usitie shaka bi mkubwa", wala risiti hakuandika. Miezi ikapita. Kila tukienda, jalada halionekani. Kila tukipiga simu, yuko mkutanoni. Ukaja kutolewa mkataba wa mauziano, eti sehemu ile imeuzwa na ndugu mwengine wa urithi. Nikaupokea mkononi kuusoma. Chini kabisa, penye muhuri wa wakili aliyeshuhudia sahihi, jina ni lile lile la mtu wetu. Kachukua pesa za shangazi kulilinda shamba, na kachukua za mnunuzi kulihamisha. Shangazi hajui kusoma hati za Kirumi, anasoma Kiarabu tu. Akaniuliza, "mbona umenyamaza?"

Hajashtakiwa yule bwana. Hana kesi. Uchaguzi uliofuata aligombea.

Ndiyo maana nasema mwanasheria apimwe kwa ukali zaidi. Mwizi wa karafuu anaingia shambani usiku na huenda akakamatwa na gunia. Mwanasheria anajua mlango uko wapi kabla ya nyumba kujengwa, maana ramani kachora yeye. Anajua fedha iitweje ili isiitwe hongo: ada ya ushauri, mchango, mkopo, gawio. Anajua kesi inacheleweshwaje. Mwaka 2015 Chenge alipoitwa mbele ya Baraza la Maadili kuhusu Escrow, alikwenda na zuio la Mahakama Kuu mkononi. Ni haki yake kisheria, sibishi. Lakini ukimpima mtu kama huyo kwa "hana hukumu", unampima kwa mzani alioutengeneza mwenyewe.

NYONGEZA. Nimesoma michango yenu tangu jana, ahsanteni hata walionitukana. Najibu baadhi.

Ndugu yangu wa Mkoani kaniandikia kwa uchungu, na hoja yake ndiyo nzito kuliko zote. Kasema: "Wewe unataka tuhuma zitoshe? Umesahau masheikh wa Uamsho?" Sijasahau. Nani Mzanzibari kasahau? Masheikh wetu walikamatwa, wakapelekwa Bara kwa mashtaka ya ugaidi, wakakaa mahabusu mwaka baada ya mwaka mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) alipoyafuta mashtaka Juni 2021. Watoto wao walikua bila wao. Katika nchi ambayo baada ya kila uchaguzi kuna watu wanachukuliwa usiku, mtu akisema "hajahukumiwa, mwacheni" anasema kitu chenye damu ndani yake. Na tena kosa la uhujumu uchumi halina dhamana ya mchezo. Ukimwandikia mtu hilo unaweza kumweka ndani utakavyo. Ukiniambia niifute kanuni ya kwamba mtu ni safi mpaka athibitishiwe, mimi na wewe tuko pamoja kuipinga.

Lakini angalia masheikh walinyang'anywa nini. Walinyang'anywa uhuru wao, nyumba zao, afya zao. Hivyo ni vitu vya mtu, amezaliwa navyo, huwezi kumvua ila kwa ushahidi usio na shaka. Uwaziri haukuzaliwa na mtu. Uenyekiti wa kamati ya kuandika katiba haukuwa mali ya Chenge iliyopaswa kulindwa na mahakama. Ni amana yetu, tunampa tunayemwamini na tunaichukua tukiwa na shaka. Shaka hiyo isitokane na maneno ya mtaani tu, hapo nakubali. Iwe ni shaka yenye kitu cha kushika: akaunti imekutwa, jina limesomwa katika ripoti ya CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, maelezo yametakiwa na hayakutolewa. Na aliyewekwa pembeni kwa shaka alale nyumbani kwake, apite Darajani akinunua samaki, asiguswe na polisi. Tulichokosea sisi ni kuvigeuza hivi viwili juu chini: mnyonge tunamfunga kwa shaka, mkubwa tunamwachia kiti mpaka hukumu.

Dada mmoja, mwanasheria, kanikumbusha kwamba Bara na Zanzibar vyombo ni mbalimbali. Kweli kabisa. TAKUKURU, chombo cha Bara cha kupambana na rushwa, haina mamlaka huku. Sisi tuna ZAECA, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 1 ya 2012, na Tume ya Maadili ya Viongozi wa Umma kwa Sheria Namba 4 ya 2015. Anasema tusubiri vyombo vyetu vikomae. Dada yangu, kwa heshima zote, visubiri nini? Viongozi wanajaza fomu za mali na madeni. Mimi nikitaka kujua mwakilishi wangu aliingia Barazani na nyumba ngapi na sasa ana ngapi, niende mlango gani? Sheha wangu hajui. Diwani hajui. Fomu inayokaa kabatini haimzuii mtu kitu. Ingebandikwa pale ofisi ya wilaya kama inavyobandikwa orodha ya wapiga kura, majirani wenyewe wangefanya ukaguzi, maana hakuna anayejua nyumba ya ghorofa ni ya nani kama mtu wa mtaa ule. Hatuhitaji hata mpelelezi. Tunahitaji msumari wa kutundikia karatasi.

Mwengine, sijui yuko wapi, kauliza kama sisi Zanzibar tulipata nini katika chenji ya rada. Swali zuri, na lina mada yake, lianzishe nitachangia.

Mzee wangu mmoja wa Ng'ambo kanijibu kwa kifupi: "Watu wa Bariadi walimchagua. Wewe nani?" Mzee, hilo limenikaa. Kweli walimchagua, zaidi ya mara moja, na wanajua waliyopata kwake kuliko mimi niliyekaa Unguja. Barabara, skuli, misaada ya misiba. Hata huku tunawachagua wenye majina yaliyopakwa matope kwa sababu ndio wanaopokea simu tukifiwa. Ila kura ya Bariadi ilimpa ubunge wa Bariadi tu. Haikumpa Kamati ya Bajeti, wala kalamu ya katiba, wala kiti cha kuongoza vikao vya Bunge. Hivyo alipewa na wakubwa wenzake, mle ndani, kwa wakati ambao habari zote hizi zilikuwa zimeshaandikwa magazetini. Kwa hiyo hasira yangu kwa watu wa Bariadi ni ndogo. Ninaowauliza ni wale walioinua mikono Dodoma, na wetu wakiwamo, maana Wazanzibari hawakuwa wachache katika ukumbi ule.

Kuna walioniambia niwataje na wa kwetu. Sitaji jina la mtu ambaye sina ripoti yake mkononi. Mwenye ripoti ya CAG wa Zanzibar aifungue, asome ukurasa, aandike hapa na namba ya ukurasa. Maneno ya "fulani kajenga Fumba kwa pesa gani" yaacheni huko huko barazani.

Swali langu la mwisho ni kwa mawakili wa Unguja na Pemba mliomo humu. Wakili akikutwa ametia muhuri pande mbili za shauri moja, kama yule wa shangazi, mimi mtu wa kawaida nipeleke karatasi yangu wapi, kwa gharama gani, na inachukua muda gani kabla sijajibiwa? Na kama wakili huyo tayari ni mgombea, nani mwenye wajibu wa kuwaambia wapiga kura wake kwamba kuna shauri la maadili juu yake? Nijibuni kwa vifungu vya sheria, si kwa "inategemea".